Nokauti ni bahati au ustadi? Nimeiandikia programu

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya faharasa za hifadhidata. Ipo, nusu imeshaandikwa, itakuja. Lakini wiki tatu hizi kichwa kimeshikwa na jambo jingine, na wasomaji wa hapa mnanijua: jambo likinishika siwezi kuandika lingine mpaka nilitoe. Leo ni ndondi. Asiyependa ndondi avumilie kidogo, hesabu ziko mbele.

Swali lenyewe ni hili. Bondia akimwangusha mwenzake kwa konde moja, mtu akalala sakafuni mpaka mwamuzi akamaliza kuhesabu kumi, hiyo ni bahati au ni ustadi?

Mimi swali hili nililisikia kwa sauti kubwa kabisa mwaka 2018, nikiwa bado chuoni. Tarehe 8 Septemba mwaka huo Hassan Mwakinyo, Mtanzania wa Tanga, alipanda ulingoni Birmingham kupambana na Sam Eggington, Mwingereza ambaye mwaka 2017 alikuwa bingwa wa Ulaya. Mwakinyo hakuitwa kule ili ashinde. Katika ndondi za kulipwa mgeni wa aina hiyo huitwa ajaze ratiba, apigwe, alipwe, apande ndege arudi kwao. Raundi ya 2 akamyumbisha Mwingereza, akammiminia makonde mfululizo, mwamuzi akaingia kati na kazi ikaishia hapo. (Wajuzi watasema hiyo ni TKO, si KO kamili. Sawa. Kwa swali letu tofauti si kubwa.)

Hapa Kisumu, kwenye vibanda vya chai nilivyozoea, watu waligawanyika mara moja. Kuna waliosema "amebahatisha tu", na kuna waliosema "huyo ni fundi, mlikuwa hamjamjua". Machi 2019 Mwakinyo akaja Nairobi, akamsimamisha Muargentina Sergio González raundi ya 5. Wa kambi ya ufundi wakasema, mmeona? Septemba 2022 akaenda Liverpool kupigana na Liam Smith, akasimamishwa yeye, raundi ya 4. Wa kambi ya bahati wakasema, mmeona? Hakuna aliyebadilisha mawazo. Kila pambano jipya lilikuwa ushahidi mpya wa kesi ileile, na kila upande ukausoma upendavyo.

Kabla sijaendelea, neno moja la lugha. Kiswahili kina "bahati" na kina "kubahatisha", na si kitu kimoja. Bahati inakujia hata ukiwa umelala. Kubahatisha ni kitendo, unakifanya wewe macho yakiwa wazi. Mvuvi wa omena anayetoka Dunga na taa zake usiku wa giza anabahatisha. Hajui leo atarudi na karai ngapi. Lakini hatoki usiku wa mwezi mpevu, kwa sababu mwezi ukiwaka ziwa zima, taa yake haivuti kitu. Usiku ameuchagua. Samaki hakuwachagua. Mshike hapo mvuvi huyo, nitamhitaji baadaye.

Sasa kwa nini jambo hili limenishika mimi, mtu wa kukaa mbele ya skrini saa kumi kwa siku? Kwa sababu ya hizo saa kumi. Mgongo ulianza kulalamika, rafiki akanipeleka kwenye gym moja upande wa Kondele. Ni stoo ya zamani ya mabati. Mabegi ya mazoezi wameyashona wenyewe kwa turubai, ndani wamejaza matambara na vumbi la mbao. Mimi sipigani na mtu. Naruka kamba, nagonga begi, natoka jasho, naenda nyumbani. Kocha ananiita Injinia, na simu ya mtu yeyote pale ikigoma huletwa kwangu.

Pale gym kuna kijana wa Nyalenda, ana miaka 22. Siku za wiki anasomea uunganishaji wa umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi, Jumamosi anabeba samaki. Miezi miwili iliyopita alimwangusha raundi ya kwanza bondia ambaye kila mtu alidhani atamshinda, tena atamshinda kirahisi. Konde moja la kushoto. Ukumbi ulinyamaza kwanza, ndipo ukalipuka.

Wiki iliyofuata simu ikaja kutoka Nairobi. Kuna klabu, kuna mahali pa kulala, kuna posho kidogo, na wanamtaka sasa, si mwakani. Mtihani wake wa umeme ulikuwa umebakiza miezi mitano.

Mama yake anauza samaki wa kukaanga. Alikuja gym jioni moja akiwa bado na aproni, akakataa kiti, akamwambia Kocha: "Kocha, wewe ndiye unajua mambo haya. Lile konde ni lake, au lilikuwa la bahati? Kama ni lake, aende. Kama ni la bahati, amalize shule."

Sijawahi kupata maelezo ya kazi yaliyo wazi namna hiyo kutoka kwa mteja yeyote. Kocha akakuna kichwa. Akasema, "Mama, nipe wiki moja." Kisha akanigeukia mimi. "Injinia, wewe si una kompyuta?"

Basi nikaandika programu. Ni fupi, haifiki mistari thelathini ya Python. Nilianza na mabondia wawili wa kubuni. Wa kwanza nikamwita Mwepesi: kati ya makonde yake 2000, moja ndilo linaloangusha mtu. Wa pili nikamwita Mzito: moja kati ya 500. Namba hizi ni za kubuni, tafadhali msizinukuu popote. Pambano la ridhaa nikalipa raundi 3, na kila raundi makonde 40, jumla 120. Kwa kila konde kompyuta inatoa namba nasibu. Namba ikiangukia mahali palipopangwa, mtu chini. Nikarudia mapambano laki moja kwa kila bondia, nikaenda kuchemsha chai. Haikunisubiri hata maji yapate moto :-)

Mwepesi aliangusha mtu katika mapambano 6 hivi kati ya 100. Mzito, 21 kati ya 100. Nikaongeza raundi zikawa 12 kama za ubingwa wa kulipwa, makonde 480: Mwepesi akafika 21, Mzito 62. (Wasioamini kompyuta wanaweza kufanya kwa kikokotoo. Chukua uwezekano wa konde moja KUTOANGUSHA, yaani 499 gawa kwa 500, uuzidishe wenyewe kwa wenyewe mara 120, kisha utoe kwenye 1.)

Tazama vizuri hapo. Mwepesi akipewa raundi 12 anafanana kabisa na Mzito wa raundi 3. Ukihesabu nokauti bila kuuliza alipewa muda gani na alirusha makonde mangapi, umepotea. Na Mzito mwenyewe, ambaye mimi nimemuumba awe mzito, katika pambano la ridhaa anashuka ulingoni bila kumwangusha mtu mara 79 kati ya 100. Ukimwona siku hizo utasema hana konde.

Lakini mama hakuuliza hivyo. Yeye amelishaona konde, anataka kujua aliyelirusha ni yupi. Hili ni swali la kinyumenyume, na hesabu yake ni ya mchungaji mmoja wa Uingereza, Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763 akiwa tayari amekufa. Inataka ujue kitu kimoja zaidi: kabla ya kuona chochote, mabondia wazito ni wangapi kwa jumla? Nikamuuliza Kocha. Akafikiri kidogo, akasema kwamba katika vijana aliowafundisha, mwenye mkono mzito kwelikweli ni mmoja katika kumi. Haya, tuchukue mmoja katika kumi.

Kijana akiwa na pambano moja na nokauti moja, uwezekano kwamba ni Mzito unapanda kutoka asilimia 10 hadi 29. Akiangusha watu wawili katika mapambano mawili, asilimia 60. Watatu katika matatu, 85. Ila huyu wetu ana mapambano 9, na nokauti zake ni 2. Yale 7 mengine aliyomaliza kwa pointi nayo yanaongea. Nikaingiza yote. Jibu: asilimia 30.

Nikamwonyesha Kocha. Akaitazama ile 30 kwa muda, akasema, "Kwa hiyo kompyuta yako inasema hujui."

Ndiyo. Na ingekuwa mtihani wa chuo ningeishia hapo nikapata alama zangu. Lakini Kocha akaendelea: "Halafu hiyo yako ni kamari. Kwani konde ni dadu?"

Hapo ndipo mambo yakawa matamu. Programu yangu inachukulia kwamba kila konde lina nafasi ileile, kama dadu inavyorushwa. Ulingoni haiko hivyo. Kinachomwangusha mtu ni zaidi ya nguvu. Konde likipiga ncha ya kidevu kutoka pembeni, kidevu kinafanya kazi ya mkono wa spana: kichwa kinazunguka ghafla, ubongo uliomo ndani unachelewa kidogo kukifuata, na mtu anazima. Shingo ikikazwa mapema, kichwa hakizunguki hivyo. Na shingo huikazi usipojua kwamba konde linakuja. Ndiyo maana mabondia wote watakwambia konde linaloangusha ni lile usiloliona. Mtu mmoja anaweza kubeba makonde hamsini mazito usoni akicheka, kisha la hamsini na moja, jepesi kuliko yote, likamlaza.

Kwa hiyo katika yale makonde 120, mengi nafasi yake ni sifuri kabisa. Machache tu, mawili au matatu, nafasi yake ni kubwa sana. Ustadi ni kuyatengeneza hayo mawili matatu.

Wanaoandika programu mnaijua hali hii kwa jina jingine. Una kazi mbili zinazoendeshwa sambamba, zote zinasoma salio la mteja na zote zinaandika salio jipya. Kwenye kompyuta yako haikosei kamwe. Inakwenda miezi sita haikosei. Siku moja mwisho wa mwezi, wateja wamejaa, kazi mbili zinakutana kwenye sehemu ileile ya sekunde, na pesa ya mtu inapotea. Meneja ataita bahati mbaya. Lakini mwanya ulikuwemo kwenye msimbo tangu siku ya kwanza, bahati ilichagua siku tu.

Mfano bora ninaoujua wa jambo hili ulitokea Afrika, tarehe 22 Aprili 2001, Carnival City huko Brakpan, karibu na Johannesburg. Lennox Lewis, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipigwa na Hasim Rahman kwa konde moja la kulia, raundi ya 5. Dunia nzima ikasema bahati. Novemba mwaka huohuo wakarudiana Las Vegas, Lewis akamwangusha raundi ya 4. Dunia ikasema, si tuliwaambia?

Lakini angalia kilichotangulia. Johannesburg iko juu sana, zaidi ya mita 1600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Rahman alikwenda wiki kadhaa mapema kuizoea. Lewis alikuwa Marekani akiigiza kwenye filamu ya Ocean's Eleven, akafika kwa kuchelewa. Raundi ya 5 alikuwa anahema, mikono iko chini, anaegemea kamba. Rahman hakuipanga ile sekunde. Ila alikuwa pale, mwenye pumzi, mbele ya mtu aliyekuwa ameacha mlango wazi. Katika marudiano Lewis aliufunga mlango. Mimi siioni bahati ya Rahman ikifutwa na lile pambano la pili. Ninachoona ni mwanya uliozibwa.

Au chukua Juan Manuel Márquez na Manny Pacquiao. Walipigana mara tatu, 2004, 2008 na 2011, raundi 12 kila mara. Katika raundi hizo 36 Márquez hakumwangusha Pacquiao hata mara moja, na hakushinda hata pambano moja. Tarehe 8 Desemba 2012 wakakutana mara ya nne. Raundi ya 6, ikiwa imebaki sekunde 1 kengele ilie, Pacquiao akaingia mbele kwa haraka kama alivyokuwa akiingia miaka yote minane, na mkono wa kulia wa Márquez ukawa unamngoja palepale. Alianguka kifudifudi, hakujisogeza. Kama ungetaka picha ya bahati, sekunde 1 kabla ya kengele ndiyo hiyo. Na kama ungetaka picha ya mtu aliyemsoma mwenzake kwa miaka minane, ndiyo hiyohiyo pia.

Nikarudi kwa Kocha na wazo. Dadu tuache. Tutafute mwanya. Pambano la kijana lilirekodiwa kwa simu na mtu aliyekuwa amesimama kwenye kiti, picha inatikisika lakini inaonekana. Simu inachukua fremu 30 kwa sekunde. Tukaipitisha fremu moja moja kwenye kompyuta yangu, Kocha kavaa miwani, usiku, umeme umekatika mara mbili (kompyuta ina betri, tulibaki gizani na huo mwanga tu).

Kumbe kabla ya lile konde, kijana alikuwa amepeleka mkono wa kushoto tumboni mara tatu. Makonde mepesi, ya kupima, yale ambayo hakuna anayeyashangilia. Kila mara mkono wa kulia wa mpinzani uliacha shavu ukashuka kulinda tumbo. Kushuka kulichukua fremu 5, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Mara ya nne kijana akaangalia tumboni, bega likashuka kama mara zile tatu, mkono wa mpinzani ukashuka kama mara zile tatu, na konde la kushoto likapita juu yake, likazunguka, likakuta kidevu hakina mlinzi. Yule mtu alikuwa bado anatazama chini.

Kocha akaanza kucheka peke yake.

Kesho yake tukamuuliza kijana. "Ulipanga?" Akatutazama kama watu waliomwekea mtego. "Sijui, Kocha. Nilirusha tu."

Nilimwamini. Lakini "nilirusha tu" haimaanishi hakuna kilichopangwa, inamaanisha mwili ulipanga bila kumpigia kichwa simu. Kocha amemfundisha tumbo-tumbo-kichwa kwa miaka mitatu. Ili kuhakikisha, tukatafuta video nyingine, ya pambano alilopoteza kwa pointi mwaka jana. Mchezo uleule umo humo, mara mbili. Mara zote mbili mkono wa mpinzani ulishuka, konde la kushoto likazunguka, likapita mbele ya pua kwa upana wa vidole viwili. Siku hiyo hakuna aliyeuona. Mimi mwenyewe nilikuwa ukumbini, sikuuona.

Yaani katika mapambano hayo mawili alifanya jambo lilelile mara tatu. Mara mbili lilikosa vidole viwili, mara moja halikukosa. Tofauti ya vidole viwili siwezi kuiita kitu kingine zaidi ya bahati. Lakini kufika mahali ambapo vidole viwili vinaamua, huko alikwenda kwa miguu yake. Ndiye yule mvuvi wa Dunga: giza alilichagua, omena hakuwaita yeye.

Kwa hiyo jibu la mama lilikuwa tayari, nikadhani. Konde ni lake, siku ndiyo haikuwa yake. Tukamwita. Akasikiliza yote, hata ile asilimia 30 akaisikiliza, akatazama fremu kwenye kompyuta na mkono wa yule mtu ukishuka. Kisha akauliza: "Na hao wa Nairobi atakaopigana nao, wao hawana konde?"

Niliuacha upande huo kwa makusudi, nianze na rahisi. Katika programu yangu anayepigwa ni kama begi, harudishi. Usiku ule nikawaongeza wote wawili warushe. Mzito akikutana na Mzito mwenzake kwa raundi 12, mara 85 kati ya 100 mmoja wao anaishia sakafuni. Nusu ya mara hizo ni yeye.

Na hapa siwezi kupita bila kumtaja Robert Wangila. Seoul, 1988. Ile ndiyo Olimpiki ambayo majaji walimnyima Mmarekani Roy Jones ushindi dhidi ya Mkorea Park Si-hun kwa kura 3 kwa 2, wakati karibu kila aliyetazama aliona Jones kashinda. Aibu ile ilisaidia kuleta kompyuta katika ndondi za ridhaa. Kufikia Olimpiki ya Barcelona 1992 majaji watano walikuwa na vitufe, na pointi ilihesabiwa pale tu ambapo angalau watatu wamebonyeza ndani ya sekunde moja. (Ningeweza kuandika makala nzima juu ya ile sekunde moja. Makonde mazuri mangapi yalipotelea humo! Mfumo huo baadaye waliuacha.) Wangila hakuhitaji kitufe cha mtu. Katika fainali alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya 2. Na Boudouani hakuwa dhaifu wa kubahatishwa, baadaye katika ndondi za kulipwa akawa bingwa wa dunia wa WBA. Mpaka leo ile ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha.

Wangila akaenda Marekani kupigana kwa malipo. Julai 1994, Las Vegas, alipambana na David González. Mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya 9. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Baadaye usiku huo alizimia, akafariki hospitalini. Alikuwa na miaka 26.

Hakuna aliyewahi kusema konde la Wangila lilikuwa la bahati. Mkono wake ulikuwa mzito, na mikono ya wengine iliendelea kumfikia, raundi baada ya raundi. Kumbukeni pia Conjestina Achieng wa Siaya, hapa jirani kwetu, ambaye mikono yake ilipewa jina la mawe. Hatukumuuliza kamwe kichwa chake kilipokea mangapi. Sisi mashabiki tunahesabu yanayotoka tu. Hata mimi, programu yangu ya kwanza ilihesabu yanayotoka tu.

Kwa hiyo tulipotazama video zile mara ya pili, Kocha na mimi tulihesabu mengine: makonde ya kichwani yaliyomfikia kijana wetu. Pambano la nokauti, dakika isiyotimia mbili, aliguswa mara 9. Pambano la pointi, 41. Mara nyingi ni palepale: akishamaliza kurusha, mkono wa kushoto unarudi kupitia kiunoni badala ya kurudi shavuni. Mwanya wake mwenyewe. Upana wake ni fremu 8, mkubwa kuliko ule uliomwangusha yule mwingine.

Kocha alimwambia mama bila kuzungusha: "Mama, konde ni lake. Kichwa bado hajajifunza kukiweka." Mama akasema, basi konde halitakimbia kabla ya mtihani. Kijana alinuna siku nne. Watu wa Nairobi walipopigiwa simu walisema wanaelewa, lakini nafasi hawamwekei, ina wengine wanaoingoja. Hilo linaniuma kidogo kila nikimwona, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba simu ile haitapigwa tena.

Mtihani ni mwezi wa tatu kuanzia sasa. Kocha amefunga kamba ya nguo kutoka nguzo hadi nguzo, usawa wa bega, na kila jioni kijana anapita chini yake kushoto-kulia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara 200, mkono wa kushoto shavuni. Ukishuka, anaanza upya. Mimi kazi yangu ni kushika simu na kurekodi. Juzi tulipima: fremu 8 zimekuwa 6.